Ziwa Burigi: Asili ya Jina na Mabadiliko ya Ziwa

Mzee wa Ijuganyondo akisema "Lweru", walio nyumbani hujua kwamba anataja Ziwa Victoria. Neno hilo la Kihaya limetokana na weupe, kwa kuwa maji mapana hung'aa yakipigwa na jua. Hata hivyo, weupe si wa ziwa moja. Mpakani mwa Rwanda na Burundi lipo Ziwa Rweru, ambalo jina lake ni la asili hiyo hiyo. Ndiyo maana maji ya namna hii huhitaji jina la pili la kuyatofautisha, na mara nyingi jina hilo hutoka katika nchi inayoyazunguka.

Ziwa Burigi, lililo upande wa kusini-magharibi wa Wilaya ya Muleba, linaonyesha jambo hilo vizuri. Kiambishi "bu-" katika lugha za ukanda huu hutaja nchi, kama katika Buhaya na Buganda. Kwa umbo lake, basi, neno Burigi linaelekeza kwenye ardhi kwanza, kisha maji.

Mwaka 1861 wasafiri wa Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipita katika bonde la ziwa hilo wakielekea Karagwe kwa Mukama Rumanyika. Speke aliliandika ziwa hilo "Urigi". Kosa hilo lina maelezo mepesi. Wakalimani wake, akiwamo Sidi Mubarak Bombay, walitumia Kiswahili, na Kiswahili huondoa "b" ya mwanzo: Buhaya ikawa Uhaya, Buganda ikawa Uganda. Jina Uganda limebaki na umbo la Kiswahili hadi leo. Ziwa letu lilirudia jina lake. Huko Karagwe, wasafiri hao walilipa ziwa jingine jina la "Windermere Ndogo" kwa kufananisha na ziwa la kwao. Wenyeji hawakuwa na haja nalo, nalo likafia katika ramani za zamani.

Speke aliacha pia habari yenye uzito kuliko jina. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza kwamba ziwa lilikuwa limepungua, na kwamba zamani maji yalienea mbali zaidi bondeni. Habari hiyo ina zaidi ya miaka 160, hivyo kupungua kwa Burigi hakukuanza na kizazi hiki. Wala hakumwondolei mtu wa leo wajibu wake. Burigi ni ziwa la kina kifupi. Katika ziwa la namna hiyo, maji yakishuka kidogo tu, ukanda mpana wa ardhi hubaki wazi, na ardhi hiyo yenye rutuba humvuta mkulima. Mafunjo yakifyekwa au kuchomwa ili kupata shamba, udongo wa vilimani hukosa kizuizi, mvua huuingiza ziwani, na kina huzidi kupungua. Samaki hupoteza mahali pa kuzalia. Mkulima aliyefuata maji hujikuta mwaka unaofuata akiyafuata tena.

Mwaka 2019 jina la Burigi lilipanuka kupita ziwa lenyewe. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 4,700, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Ndani ya mipaka ya hifadhi, kulima, kuchunga mifugo na kuvua bila idhini ni kosa. Asiye na hakika mpaka unapita wapi aulize ofisi ya mtendaji wa kijiji kabla ya kupeleka jembe, ng'ombe au nyavu.

Nje ya hifadhi sheria haijanyamaza. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kipimo hicho kinahusu Burigi, kinahusu Ikimba, na kinahusu pia kingo za Lweru hapa Bukoba. Anayekusudia kuvuta maji kwa pampu ili kumwagilia shamba anapaswa kwanza kuomba kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.