Mahindi ya Huruma Yaweza Kumwua Mbuzi

Wakati wa kiangazi kikali cha mwaka 2022, mama mmoja kutoka upande wa Kasigau aliingia katika zahanati yangu mjini Voi akilalamika kwamba kichwa kinamwanga na moyo unamwenda mbio. Nilipompima, shinikizo la damu lilikuwa juu mno. Nikamwuliza kulikoni.

"Daktari, mbuzi wangu wanne wamekufa. Na karo ya mtoto ilikuwa itoke kwa hao hao."

Kwa kuwaonea huruma, alikuwa amewamwagia debe zima la mahindi mbuzi waliozoea majani makavu ya vichaka. Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Hata hivyo, msomaji mpendwa, ikiwa wewe wafanya kazi mjini na mbuzi wako wako kwa wazazi kule Mwatate au Taveta, kisa hiki chakuhusu.

Mbuzi hana uwezo wa kumeng'enya nyuzi za majani yeye mwenyewe. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kile kikubwa ni kama pipa la kuchachushia lililojaa bakteria, kuvu na viumbe wengine wasioonekana kwa macho. Hao ndio huzivunja nyuzi na kutoa asidi hafifu ambazo mbuzi huzitumia kupata nguvu. Baadaye wao wenyewe husukumwa mbele, wakameng'enywa na kumpa protini. Kwa hivyo unapomlisha mbuzi, kwanza unawalisha wapangaji wake.

Wapangaji hao hawali chakula kimoja. Wanga mwingi ukiingia kwa ghafla, wale waupendao huzaana upesi na kutoa asidi kali ya laktiki. Tumbo huchachuka, na wale wa nyasi hufa. Mbuzi huacha kucheua, tumbo hujaa, huharisha, kisha hulala asiinuke. Aweza kufa kwa siku moja au mbili.

Nyongeza yenyewe si mbaya. Anza na konzi moja ya nafaka baada ya mbuzi kula majani, ukiongeza kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili, ili vijidudu wapate kuzoea. Yurea iliyochanganywa na molasi nayo huwasaidia kutengeneza protini, lakini ikizidi hugeuka amonia nyingi inayoingia katika damu na kuua kwa saa chache. Usiipime kwa jicho, na usiikoroge katika maji ya kunywa. Mwite afisa wa mifugo akuonyeshe vipimo.

Kuna mti wa lusina ambao majani yake yana protini nyingi. Yana pia sumu iitwayo mimosini, ambayo mnyama akila kwa wingi humnyonyoa manyoya, na tezi ya shingo huvimba kama rovu kwa binadamu. Mtafiti Raymond Jones wa Australia alishangaa kuona mbuzi wa Hawaii wakila lusina bila kudhurika. Siri ilikuwa tumboni: walikuwa na bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Katika miaka ya 1980 bakteria hao walihamishiwa mifugo wa Australia, nao wakaweza kula lusina. Mwaka 1992 bakteria huyo alipewa jina Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. (Hata sisi madaktari wa watu tumejifunza: mwaka 2013 wenzetu wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kuhara sugu kwa kuwapa vijidudu kutoka kinyesi cha watu wenye afya. Usijaribu nyumbani!)

Jambo linaloniudhi zaidi ni tetrasaiklini. Mbuzi akikohoa tu, mtu hufungua kapsuli alizonunua dukani na kumnywesha. Dawa hiyo huwaua wapangaji wema pamoja na wabaya, na mbuzi mkubwa hukosa hamu ya kula. Aidha, mabaki yake huingia katika maziwa unayompa mtoto wako. Mnyama akitibiwa, maziwa na nyama yake visiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zipite.

Ukiona mbuzi amevimba baada ya kula nafaka, iondoe mara moja, mpe nyasi kavu, umwite daktari wa mifugo. Usimlazimishe mbuzi dhaifu kunywa mafuta au maji, kwani huingia mapafuni.

Yule mama bado huja kupimwa kila mwezi. Amenunua majike wawili, na mahindi huyaweka chini ya kufuli.