SOMO LA KAMIO: NGUVU INAPOPUNGUA NJIANI

Ninyi wakulima wa pande za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, mnalima mahindi na mihogo, na watu wa miji ya migodi wanaila. Kati ya shamba na soko kuna kamio. Kamio ikilala njiani siku tatu wakati wa mvua, mahindi yanalowa, yanaota ukungu, na kazi ya mwaka mzima inapotea. Kwa hiyo somo hili si la shofere peke yake. Mwenye mzigo naye alijue, asije akamhimiza shofere aendelee mahali panapotaka kusimama.

1. Mashini inataka vitu vitatu

Mashini inataka chakula, pumzi na moto. Chakula chake ni esanse ao mazutu. Pumzi yake ni hewa, tena hewa nyingi: lita 1 ya esanse yataka hewa kupita lita 9,000. Moto wa mashini ya esanse unawashwa na buji. Mashini ya mazutu haina buji za namna hiyo; inasonga hewa sana hata hewa inapata joto kali na kuwasha mafuta. Kimoja katika vitu hivi kikipungua, nguvu inapungua.

2. Simama kwanza

Shofere asiye na akili, akiona nguvu inapungua, anazidi kukanyaga. Ni vibaya. Tazama sindano ya joto na taa ya mafuta ya mashini. Sindano ikifika alama nyekundu, ao taa ikiwaka, simama upesi na kuzima mashini. Usifungue radiatere ingali na joto: maji yaliyofungwa ndani yataruka na kukuunguza uso. Ngoja ipoe hata mkono uweze kuigusa. Ndipo funika kifuniko kwa kitambaa, fungua polepole, tia maji. Usiondoke mbele ya kujua maji yalipotelea wapi.

3. Labda nguvu iko, lakini inashikwa

Mara nyingine mashini ni nzima. Ikinguruma sana na kamio haizidi mbio, ni ambreyaji inayoteleza. Kamio ikiwa nzito hata njia ya sawasawa, simama, peleka mkono karibu na kila gurudumu, lakini usiguse chuma. Gurudumu lenye joto kupita mengine, freni yake haikuachia. Usiendelee hivyo; mpira waweza kushika moto.

4. Tazama moshi

Moshi mweusi: chakula kimezidi hewa. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Septemba, mavumbi mekundu yanaziba chujio cha hewa. Kitoe. Kama ni cha karatasi, kigonge polepole juu ya kiganja, kisha kielekeze kwa jua. Mwangaza usipopita, nunua kingine. Usikioshe kwa esanse, wala usiendeshe pasipo chujio; mavumbi yatasaga mashini ndani, na bei yake itapita bei ya mzigo. Kamio yenye turbo, tazama na mipira ya hewa. Uliopasuka unapiga mluzi.

Moshi wa samawi: mashini inakula mafuta yake yenyewe. Moshi mweupe usiokwisha hata mashini ikipata joto: labda maji yanaingia ndani, ao mazutu hayawaki vema. Hayo ni ya fundi.

5. Chakula hakifiki

Kama kamio inakwenda vema njia ya sawasawa, lakini inakohoa ikipanda mlima na mzigo, shaku chujio cha mazutu ao cha esanse. Kikiziba nusu, chakula kidogo kinapita: chatosha kwa kazi nyepesi, hakitoshi kwa kazi nzito. Mafuta yaliyonunuliwa katika chupa kandokando ya njia mara nyingi yana maji na taka. Fungua msumari ulio chini ya chujio cha mazutu, acha maji yatoke, funga tena, kisha piga pampu ya mkono ili hewa iliyoingia itoke.

Kama mashini inazimika, inapumzika, inakwenda tena kilometa chache na kuzimika tena, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa inavutwa ndani kwa nguvu, kitundu cha kifuniko kimeziba. Kizibue tu.

6. Mlima si ugonjwa

Nchi yetu ya Katanga iko juu, pengi kupita mita 1,000. Juu hewa ni nyepesi. Mashini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000. Lakini upungufu huo ni wa kila siku. Ugonjwa ni ule uliokuja leo, na jana haukuwapo.

Makatazo. Usiwashe kiberiti karibu na tanki. Usinyonye esanse kwa kinywa. Usiingie chini ya kamio pasipo kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

Maulizo

1. Mashini inataka vitu gani vitatu?
2. Kwa nini tusifungue radiatere yenye joto?
3. Moshi mweusi unatuonyesha nini?
4. Kamio inakwenda vema kwenye njia ya sawasawa, lakini inakohoa mlimani. Utatazama nini kwanza?