Mahindi ya Juba Katika Baridi ya Maine

Sisi ni Wazigua. Katika karne ya 19 njaa iliwafanya mababu zetu watoke Uzigua, Tanga ya leo, kwa kuahidiwa kazi. Wakauzwa utumwani pwani ya Benadir, Somalia ya leo. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya Mto Juba, na huko ukoo ukalima kizazi baada ya kizazi. Vita vya Somalia vya 1991 vilitupeleka kambi ya wakimbizi ya Dadaab nchini Kenya, mwaka 2002 tukahamishiwa kambi ya Kakuma, kisha tukaja Marekani. Leo tunalima karibu na Lewiston, jimbo la Maine. Haya ndiyo niliyojifunza shambani pamoja na mama na wanangu.

1. Mbegu hutunzwa na anayeila. Mahindi yanayopendwa hapa ni matamu. Ukiyakausha yanasinyaa, hayafai kwa ugali. Mama anataka mahindi magumu ya kusaga, na mbegu anachagua mwenyewe. Anachuma katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani, maana chavua hupeperushwa na upepo na mbegu ikichanganyika hairudi. Anayafunua maganda bila kuyakata, anayafunga mawili mawili na kuyatundika. Kule Juba yalikaa juu ya moshi wa jiko ili fukusi wasiyaguse. Hapa yanakaa gereji, feni ikivuma, kwa sababu miezi ya mavuno ina unyevu. Siku ya kupukuchua anatenga punje za nchani na za kitakoni. Za katikati, zinazolingana, ndizo mbegu. Wanangu wanaifanya kazi hii bila kuelekezwa tena.

2. Kalenda inaweza kubadilika. Juba mama alisubiri mto ufurike, maji yakipungua mabondeni anapanda kwenye tope. Hapa tunasubiri jalidi iishe mwishoni mwa Mei, nayo inarudi kabla Oktoba haijafika mbali. Nyanya na bamia tunaziotesha kwanza ndani ya banda la nailoni. Kunde na maboga bado vinakaa kati ya mahindi, kama kwetu.

3. Mpe mtoto mstari wake. Mauzo ya mchicha anaoupalilia yawe yake. Hotuba kuhusu asili hazikuwahi kuwaamsha wanangu alfajiri. Siku ya soko inawaamsha.

4. Bila ardhi ya kudumu urithi unaning'inia. Mwenye shamba la kukodi akilitaka, unaliacha na samadi yako, na kizazi kinachofuata kinaanza upya. Ndiyo maana juhudi za jumuiya yetu, kupitia mradi wetu wa kilimo wa Liberation Farms, kupata ardhi ya kudumu mjini Wales, jirani na Lewiston, nazithamini kuliko msaada wowote wa chakula. Anayetaka kusaidia wakulima wahamiaji aanzie hapo.

5. Waulizeni wazee sasa. Ndugu zetu wengine walikimbia Somalia wakarudi Tanzania, nao wanalima Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ileile mababu walikotolewa. Ninyi mlioko Handeni na Kilindi, kama bibi bado ana mtama au mahindi ya zamani, ombeni mbegu, mzipande msimu huu, na mrekodi anavyozichagua kwa sauti yake mwenyewe.