Maji Yaliyokuja Bila Mvua

Masomo: 2 Wafalme 3:9-24, Ayubu 6:14-20, Mathayo 7:24-27

Mwezi huu twataka kujifunza kwa njia ya safari. Sisi wazee wawili wa Makere, pamoja na kijana wa mmoja wetu, tulikwenda Kenya kwa kupitia Mwanza na mpaka wa Sirari. Shabaha yetu ilikuwa kuliona korongo la Ol Njorowa, lililo katika hifadhi ya Hell's Gate, kusini ya Ziwa Naivasha. Wengi wetu tulilifundisha Bonde la Ufa miaka mingi ubaoni, na hatukuwahi kuliona kwa macho.

Habari za mahali

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1984. Ni ndogo, kiasi cha kilometa za mraba 68, lakini ina sifa yake: mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko sasa. Maji yake yalifurika kuelekea kusini, yakachimba njia katika mawe laini yaliyotokana na majivu ya volkano. Ziwa lilipopungua, njia ile ilibaki kavu. Hilo ndilo korongo. Mahali pengine ni jembamba hata mtu akinyosha mikono hugusa kuta zote mbili, na chini kuna chemchemi za maji ya moto. Moto huo wa ardhini ndio unaotumika karibu na hapo, Olkaria, kutengeneza umeme tangu mwaka 1981.

Mjini Naivasha tulikodi pikipiki mbili. Kwa faida ya wengine, tuseme tulivyofanya. Kwanza tulijaribu breki na taa, tukatazama matairi. Pili tulidai kofia ngumu kwa kila mmoja. Iliyokuwa na ufa tuliirudisha. Tatu tuliandikiana karatasi na mwenye pikipiki: bei, saa ya kurudisha, na mikwaruzo iliyokuwapo tangu mwanzo. Kenya magari hupita kushoto kama kwetu. Lakini anayevuka kwenda Burundi akumbuke ya kuwa huko hupita kulia.

Katazo

Tulifika kwenye kituo cha walinzi juu ya korongo yapata saa tano asubuhi. Jua lilikuwa kali, mbingu ni buluu tupu. Tuliegesha pikipiki, tukajiandaa kushuka. Askari wa wanyamapori akatuambia, "Wazee wangu, leo hamshuki."

Tulishangaa. Kijana wetu akamwonyesha mbingu kwa kidole. Askari naye akanyosha kidole mbali, kwenye wingu jeusi lililokuwa juu ya vilima, akasema, "Mvua haiko hapa. Iko kule. Lakini maji yake njia yake ni hii."

Kusema kweli, tulinung'unika. Tulikuwa tumesafiri siku nyingi, na nauli ya mstaafu haipatikani mara mbili. Tukabaki juu, tukatazama kutoka ukingoni, tukala viazi vyetu, tukarudi. Njiani kijana alisema, "Babu, tumepoteza fedha bure." Hatukuwa na jibu.

Tulijibiwa baadaye, tulipozisoma habari za mahali pale. Mwezi wa Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokuwa matembezini walikumbwa na mafuriko ndani ya korongo lile, na saba wakafariki. Mwezi wa Septemba 2019 watu saba tena walichukuliwa na maji, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa wageni, mwenyeji wa pale pale. Maji ya namna hii hayangoji. Ardhi ya juu ikiwa ngumu hainywi mvua. Maji yote hukimbilia bondeni, na bonde likiwa jembamba hupanda haraka kuliko mtu anavyoweza kukwea.

Tunajifunza nini?

Soma 2 Wafalme 3. Wafalme watatu walikwama jangwani bila maji. Elisha aliwaagiza wachimbe mahandaki bondeni, akawaambia kwamba bonde lingejaa ingawa hawataona upepo wala mvua. Asubuhi maji yakaja kwa njia ya Edomu. Walioamini neno walikunywa, wao na wanyama wao. Lakini Wamoabi waliyatazama maji yale kwa mbali, yakaonekana mekundu kama damu. Wakahukumu kwa macho yao, wakakimbilia nyara, wakapigwa. Maji yalikuwa ni yale yale.

Basi jambo la kwanza: usihukumu kwa mbingu iliyo juu ya kichwa chako tu. Hata hapa petu, mto huweza kupanda jua likiwaka, kwa kuwa mvua imenyesha milimani upande wa mpaka wa Burundi. Ndivyo dhambi, deni na ulevi. Mvua yake hunyesha mbali, siku nyingi kabla, na nyumba bado inaonekana salama.

La pili: anayetukataza si lazima awe adui wa furaha yetu. Mzazi, mwalimu, mchungaji, au muuguzi wa zahanati huenda anaona wingu ambalo sisi hatulioni.

La tatu, nalo ndilo gumu. Siku ile hatukuona maji yakija. Labda yalikuja baada ya sisi kuondoka, labda hayakuja kabisa. Mara nyingi mtu akitii hapati ushahidi ya kuwa alifanya vema. Hupata tu kurudi nyumbani na kuitwa mwoga. Tusingoje ushahidi. Wale wa mwaka 2012 na 2019 wangefurahi sana kurudi wakinung'unika kama sisi.

Anayekusudia kwenda huko aulize kwanza langoni kama korongo limefunguliwa, kwa maana baada ya maafa lilifungwa. Akiambiwa hapana, akubali.

Maswali ya kujadiliana

1. Ayubu 6:14-20 yawafananisha ndugu na vijito vya namna gani? Je, sisi tu rafiki wa namna hiyo?
2. Katika Mathayo 7:24-27, nyumba mbili zilipigwa na mafuriko yale yale. Tofauti ilionekana lini?
3. Taja onyo moja ulilolipuuza mwaka huu. Nani alikupa?

Sala: Ee Mungu, uonaye vilele na mabonde kwa pamoja, utupe masikio ya kusikia kabla ya macho kuona. Uwafariji waliofiwa, uwalinde walio safarini, uwarudishe wote nyumbani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.