Winchester ya 1897: Utajuaje Thamani ya Shotigani Kongwe ya Pampu?

Shotigani ya pampu ni bunduki ya marisawa inayokokwa kwa kuvuta nyuma kishikio cha mbao kilicho chini ya mtutu, kisha kukisukuma mbele. Ukivuta, ganda lililokwisha kupigwa hurushwa nje. Ukisukuma, risasi mpya huingia kwenye chemba. Kati ya zile za zamani, inayoulizwa zaidi na wakusanyaji ni Winchester Model 1897 ya Marekani, iliyobuniwa na John Moses Browning wa jimbo la Utah. Aghalabu hupatikana kabatini baada ya mzee kufariki, na warithi, kwa nia njema kabisa, hushika tambara na mafuta wakaisugua mpaka ing'ae. Kwa kufanya hivyo hufuta sehemu kubwa ya kile ambacho mnunuzi angelipia.

Majibu yaliyo hapa chini yamefuata bunduki hiyo moja, kwa sababu anayejua kuikagua hatapata shida kubwa kuzikagua nyingine za rika lake.

Nianzie wapi?

Anza na usalama. Bunduki iliyosahaulika miaka 40 inaweza kuwa bado ina risasi ndani. Elekeza mtutu mahali pasipo na mtu, usiguse kifyatulio, fungua bunduki, tazama chemba, kisha tazama bomba la kuhifadhi risasi lililo chini ya mtutu. Model 1897 ina nyundo iliyo nje, nyuma ya bunduki, na nyundo hiyo ikiteleza kidoleni wakati risasi imo, inaweza kufyatua. Kama hujui inavyofunguka, iache ilipo, weka watoto mbali, umwite fundi bunduki mwenye leseni.

Ukishahakikisha haina kitu, ipige picha pande zote kama ulivyoikuta. Usiisafishe bado.

Je, umri peke yake unaipa thamani?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo. Model 1897 ilitengenezwa kuanzia 1897 hadi 1957, na zilizotoka kiwandani zimepita 1,000,000. Ndugu yake mdogo, Model 12, ambayo nyundo yake imefichwa ndani, ilianza 1912 na ikakaribia 2,000,000. Bunduki iliyopo kwa wingi namna hiyo haiwi adimu kwa sababu tu ina miaka 100. Mkulima wa Marekani aliinunua kwa kuwinda bata na kware, akaitumia kwenye mvua na matope, na nyingi zilizobaki zinaonyesha hivyo.

Umri una uzito wake mahali pengine, kwenye sheria. Kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale na haifuati masharti yaleyale ya mauzo kama bunduki za kisasa. Kwa hiyo Model 1897 za miaka miwili ya mwanzo zimo katika kundi hilo, na zile za 1899 na kuendelea hazimo, hata kama kwa macho zinafanana. Majimbo nayo yana sheria zake.

Iliyoitangulia Model 1897 ni Model 1893, pia kazi ya Browning. Hizo zilitengenezwa takriban 34,000 tu. Zilibuniwa kwa baruti nyeusi, na baruti isiyo na moshi ilipoenea ikaonekana kwamba hazina nguvu ya kutosha; Model 1897 ikaundwa ili kuziba upungufu huo. Ukikuta Model 1893 ambayo haijaguswa, usiharakishe kuiuza.

Mwaka wa kutengenezwa nitaujuaje?

Geuza bunduki utazame chini, mbele ya kiwiliwili chake cha chuma. Hapo pamepigwa namba, na mara nyingi herufi A, B, C, D au E iko mbele yake. Herufi hizo huonyesha marekebisho yaliyofanywa kwenye muundo kadiri miaka ilivyokwenda. Jumba la makumbusho la Cody Firearms Museum, jimboni Wyoming, linatunza sehemu ya vitabu vya kiwanda cha Winchester, na kwa bunduki za miaka ya mwanzo hutoa barua inayoeleza ilitoka kiwandani lini na ikiwa na nini: urefu wa mtutu, aina ya mbao, nakshi kama ilikuwepo. Barua hiyo hulipiwa. Kwa bunduki ya kawaida iliyochakaa si lazima; kwa bunduki inayodaiwa kuwa ya daraja la juu, mimi nisingenunua bila hiyo.

Wakaguzi wanatazama nini hasa?

Swali lao kubwa ni moja: je, hivi ndivyo ilivyotoka kiwandani? Yote yanayofuata ni njia za kulijibu.

Kwanza namba. Model 1897 nyingi ni za aina inayogawanyika vipande viwili kwa ajili ya safari. Hizo zina namba mahali pawili: kwenye kiwiliwili na kwenye kipande cha chuma kinachoungana nacho, upande wa mtutu. Namba mbili hizo lazima zilingane. Zikitofautiana, umeshika nusu ya bunduki moja na nusu ya nyingine, na thamani ya mkusanyaji imeporomoka hapohapo.

Kisha mtutu. Kuanzia 1905 Winchester ilipiga mhuri wa majaribio, herufi W na P ndani ya duara refu kama yai. Bunduki ambayo namba yake ni ya 1900 lakini mtutu wake una mhuri huo, imebadilishiwa mtutu au ilirudi kiwandani kwa matengenezo. Pima pia urefu. Mtutu wa kawaida wa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa ndani wa mtutu) ulikuwa inchi 30, na wa geji 16 inchi 28. Nyingi zilikatwa na wenyewe zikawa fupi, na kuna alama ya kuzigundua. Kwenye mtutu kumeandikwa kiwango cha kubana kwa mdomo wake. Neno FULL maana yake mdomo umebanwa kabisa, ukawa mwembamba kwa karibu milimita 1 kuliko ndani, ambako geji 12 huwa na upana wa milimita 18.5 hivi. Ukipima kwa kalipa ukakuta mdomo una upana uleule wa ndani ilhali maandishi yanasema FULL, msumeno umepita. Na kama ni kwa Marekani, mtutu uliokatwa chini ya inchi 18 bila kibali ni kosa kubwa la jinai tangu sheria ya 1934.

Baada ya hapo inakuja rangi. Chuma cha Winchester kilitoka kiwandani na rangi ya buluu iliyokolea karibu na nyeusi. Mkaguzi hukadiria ni asilimia ngapi ya rangi hiyo ya awali imebaki. Katika viwango vya NRA, chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, vya bunduki za kale, daraja la "bora sana" hudai zaidi ya asilimia 80 ya rangi ya awali na vipande vyote vya asili. Linalofuata hudai zaidi ya asilimia 30. Rangi halisi huisha pale mikono na nguo zinapogusa: kwenye kona, mdomoni mwa mtutu, chini ya kiwiliwili pale bunduki inapobebwa. Bunduki yenye kona zilizolainika kama sabuni iliyotumika lakini ina rangi moja nyeusi kote imepakwa upya. Itazame chini ya kioo cha kukuzia: kama maandishi yana kingo zilizofifia, au matundu ya kutu ya zamani yako chini ya rangi, hakuna haja ya ushahidi zaidi. Vichwa vya skrubu navyo husema. Skrubu yenye mfereji uliochubuka inaonyesha kwamba kuna mtu aliifungua kwa bisibisi isiyolingana nayo.

Kitako cha mbao huharibiwa mara nyingi kwa kukatwa ili kuongezewa mpira wa kupunguza mshindo. Ule wa asili una bamba gumu jeusi mwishoni. Nyufa nyuma ya kiwiliwili, mbao inapokutana na chuma, ni za kawaida na hupunguza bei.

Wanasema hii ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni kweli?

Huenda, lakini kuwa na shaka kubwa. Jeshi la Marekani lilizipeleka Ufaransa Model 1897 zenye mtutu wa inchi 20, ngao ya chuma yenye matundu juu ya mtutu ili askari asiungue mkono, na mahali pa kufungia singe. Zilikuwa na madhara makubwa kwenye mahandaki kiasi kwamba mwezi Septemba 1918 Ujerumani ilitoa malalamiko rasmi ikidai zinavunja sheria za vita, na ikatishia kuwaua mateka watakaokamatwa nazo. Marekani ilikataa madai hayo.

Historia hiyo ndiyo imefanya bei yake kuwa mbali kabisa na bei ya bunduki ya kuwindia ya mwaka uleule, na pengo hilo limewapa matapeli kazi. Ngao mpya zinatengenezwa na kuuzwa. Kampuni ya Norinco ya China imetoa nakala nzima ya bunduki hiyo. Mihuri ya jeshi hupigwa upya kwenye bunduki za kiraia. Basi angalia mambo haya kwa pamoja: ngao ya Vita vya Kwanza ina safu 6 za matundu, ile ya safu 4 ilikuja katika Vita vya Pili, bunduki za vita vya kwanza zilikuwa za aina isiyogawanyika, namba lazima iangukie miaka inayodaiwa, na mhuri halisi umezeeka sawasawa na chuma kinachouzunguka. Mhuri wenye kingo kali juu ya chuma kilicholika ni wa juzi.

Simulizi ya familia kwamba babu alirudi nayo vitani haiongezi bei bila karatasi. Picha, barua ya wakati ule au hati ya jeshi yenye namba ya bunduki ndiyo huongeza.

Niipeleke kwa fundi ipakwe rangi upya?

Usiipeleke. Kutu iliyotulia ya kahawia ina thamani kubwa kuliko rangi mpya ya kupendeza. Futa vumbi, pitisha mafuta mepesi kwa kitambaa laini, basi. Usitumie sandpepa wala brashi ya chuma, na kitako usikipake vanishi.

Naweza kuipiga?

Si kabla ya fundi kuikagua. Baadhi ya Model 1897 za daraja la juu zilikuwa na mitutu ya kusokotwa kwa chuma na feleji, ambayo haifai kwa baruti ya kisasa. Chemba za geji 16 za zamani zilikuwa za milimita 65 hivi, wakati risasi za leo ni milimita 70: huingia vizuri, lakini ganda linapofunguka halina nafasi, na shinikizo hupanda. Tena bunduki hii haina kizuizi cha kifyatulio. Ukikishikilia kifyatulio huku unavuta na kusukuma, hufyatua kila inapojifunga.

Bei ya kweli nitaijuaje?

Tazama bei ambazo bunduki kama hiyo imeuzwa mnadani, si bei ambazo watu wanaomba. Nyumba za mnada kama Rock Island Auction Company hutangaza matokeo yao pamoja na picha, na picha hizo ni shule nzuri. Mtathmini unayemlipa asiwe ndiye anayetaka kununua, na maoni yake ayaandike: namba, hali, vilivyobadilishwa, na sababu za bei aliyotaja.

Na kama iko Tanzania au Kenya?

Silaha husimamiwa Tanzania na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Usidhani ukongwe unakuondolea wajibu wa leseni, wala usidhani umeirithi leseni ya marehemu. Ukikuta bunduki kwenye mali ya mirathi, toa taarifa kituo cha polisi kabla ya kutafuta mtathmini, usiibebe barabarani bila maelekezo yao, na usimkabidhi dalali yeyote anayeahidi kukupatia mnunuzi wa haraka.