Mume, Usikimbilie Kijiweni

Ugomvi wa mkwe na mkamwana una mtu wa tatu ambaye hatajwi sana. Mama anamlalamikia binti yake, mke anampigia simu mama yake mzazi, na mume yuko kijiweni anaangalia mpira. Akirudi saa tano usiku anasema, "Mambo ya wanawake hayo, yataisha." Hayaishi. Yanahamia kwenye grupu la ukoo. Kwa hiyo ushauri huu ni wa mume, kwa sababu wanawake wawili hawa wamekutana kwa ajili yake, na mengi wanayogombania yeye ndiye aliyepaswa kuyasema mapema.

Anza kabla mama hajafika. Wake wengi hawachukizwi na ujio wa mama mkwe. Kinachowaudhi ni kuambiwa Alhamisi jioni, "Ongeza maharage, mama keshapita Msamvu." Kaeni wawili muulizane: anakuja kwa matibabu, kusalimia wajukuu, au kuhamia moja kwa moja? Atalala wapi? Kwenye chumba na sebule hilo ni swali zito, maana mama akilala sebuleni, mke hana pa kukaa na nguo yake ya kulalia wala pa kupokea shoga yake. Tafuteni jibu kabla ya basi kuingia stendi.

Kisha jifunze kusema kwa mdomo wako. Mama anapiga simu: paa la jikoni limetoboka, anahitaji laki tatu. Wewe huna, lakini badala ya kusema huna, unajibu, "Ngoja nimuulize mama Neema." Kesho unapiga tena: "Mama, mwezi huu haiwezekani." Mama hana haja ya kuelezwa zaidi, keshajua nani kakataa, na kabla ya Ijumaa mawifi wanaulizana kaka yao kalishwa limbwata la wapi. Sema hivi: "Mama, mwezi huu nina elfu hamsini, nakutumia na ya kutolea. Mabati tutayaanza ada za Januari zikishalipwa." Umeongea na mkeo pembeni? Vizuri, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini uamuzi ukifika kwa mama, ufike kama wako.

Hapo kwenye pesa nataka tukae kidogo, kwa sababu malalamiko mengi yanayoitwa ya heshima ni ya pesa. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wote wa miaka 70 na kuendelea. Tanzania Bara hakuna pensheni ya namna hiyo kwa kila mzee, na mama aliyelima maisha yake yote bila kuajiriwa hana mfuko wowote unaomlipa. Pensheni yake ni wewe. Anaposema, "Siku hizi umenisahau, baba," mara nyingi anauliza kama mwezi ujao atakula, na kama huyu mwanamke aliyekuja ataufunga huo mlango. Kumtetea mkeo kwa maneno matamu hakutamtuliza. Kitakachomtuliza ni kiasi kinachojulikana, hata kama kidogo, kinachoingia kwenye simu tarehe ileile kila mwezi. Mkeo akijue kiasi hicho, kwa sababu ukituma kwa siri iko siku ataiona meseji ya muamala, na hapo ugomvi hautakuwa wa elfu thelathini tena. Miezi mingine acha mkeo atume kwa simu yake. Mama akipiga kushukuru, atakuwa anamshukuru yeye.

Jikoni sina mengi ya kusema. Usilinganishe mchuzi. Basi.

Mtoto akizaliwa mambo yanakuwa magumu zaidi, kwa kuwa hapo mama mkwe anaingia na ujuzi wa kweli. Anajua kumkanda mzazi kwa maji ya moto, anapika mtori, anamwogesha kichanga bila mkono kutetemeka. Mheshimuni kwa hilo. Tatizo linaanza mtoto akilia usiku na bibi akasema ana kiu, apewe maji, au hashibi, aonjeshwe uji. Kliniki wanasema maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, hata maji hapana. Mke akilisema hilo peke yake anaonekana msomi anayemdharau mkwewe. Kwa hiyo mpeleke mama kliniki siku ya kupima uzito, ayasikie kwa nesi, naye aulize maswali yake. Kama hawezi kwenda, nenda wewe, kisha uje umwambie mwenyewe.

Na usiwe tarishi. Mama akisema, "Hivi mwenzako ana nini na mimi?" msikilize hadi mwisho, kisha usibebe neno kwenda chumbani. Ukimfikishia mkeo "mama anasema wewe mvivu," umemtukana wewe.

Kuna maneno ambayo hata hivyo huwezi kuyanyamazia. "Umekuja na nini hapa? Hii nyumba ya mwanangu." Yakisemwa mbele yako, yajibu palepale, kwa upole: "Mama, nyumba ni yetu sote wawili." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tena mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa.

Yakifika kwenye matusi, kupigana au kutajana uchawi, tenganisheni makazi kwanza, hata kwa kumpangia mama chumba mtaa wa pili. Halafu mtafute mshenga aliyesimamia posa yenu, au mjomba anayesikilizwa na pande zote. Usianze na dada zako, maana hao wana upande tayari. Kikao kiwe cha watu wachache, mkeo awepo na aongee mwenyewe, na wewe uwe wa kwanza kusema ulichokubali na ulichokataa.