Shingo Imevimba, au Haikuvimba: Omba TSH Kwanza

Uvimbe wa shingo peke yake hauonyeshi tezi inavyofanya kazi. Mwenye rovu kubwa huenda ana homoni za kutosha, na mwenye shingo laini kabisa huenda amepungukiwa hadi baridi, usingizi na uzito vinamlemea. Ndiyo maana munganga hutaka damu.

Kama mfuko unaruhusu kipimo kimoja tu, omba TSH. Homoni hii hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo huiamuru tezi ya shingo itengeneze homoni zake, T4 na T3. Tezi ya shingo ikilegea, amri huzidi na TSH hupanda. Ikifanya kazi kupita kiasi, TSH hushuka, pengine karibu na sufuri. Kwa mtu mzima asiye mjamzito, labo nyingi huhesabu 0.4 hadi 4 hivi kuwa kawaida, lakini fuata mipaka iliyoandikwa kwenye karatasi yako, maana mashine hazilingani. TSH ikitoka nje ya mipaka, ndipo T4 huru ipimwe. Orodha ndefu ya "homoni zote" itamaliza franga zako kabla hujajua shida iko wapi.

Huhitaji kufunga chakula. Ila TSH huwa juu usiku na alfajiri, basi ukirudia kipimo, rudi saa ileile. Taja mimba, vidonge vya uzazi wa mpango, amiodaroni ya moyo, na vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, ambavyo huipotosha mashine na vinafaa kuachwa siku mbili kabla. Kama umetoka kuugua malaria kali, na hali yako si ya haraka, ngoja wiki kadhaa upone sawasawa. Mwili mgonjwa hubadili TSH hata tezi ikiwa nzima. Katika mji wenye malaria nyingi kama Kindu, naona hili ndilo la kukumbuka kuliko yote.

Uliza pia kabla ya kudungwa: damu itapimwa hapa au itasafirishwa? Ikisafirishwa, majimaji yake hutenganishwa na chembe nyekundu na kuwekwa kwenye baridi. Tone lililokaushwa kwenye karatasi maalumu huvumilia safari vizuri zaidi, na kwa tone la kisigino nchi nyingi huwapima watoto siku chache baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa homoni hizi za tezi akianza dawa ndani ya wiki mbili, ubongo wake huwa na nafasi nzuri ya kukua kama wa wenzake. Akicheleweshwa miezi, hasara hairudi. Mama, ukiona manjano isiyoisha, kunyonya kwa uvivu, ulimi mkubwa au choo kigumu, usingoje.

Rovu si jambo geni mashariki mwa Kongo. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walikuta katika miaka ya 1960 kwamba upande wa kaskazini ulikuwa na rovu nyingi kuliko kusini-magharibi, ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Tofauti waliihusisha na muhogo. Sumu ya muhogo usioandaliwa vema hugeuka mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua iodini. Hakuna haja ya kuacha bugali wala sombe. Loweka muhogo mchungu siku tatu au zaidi, uanike ukauke, twanga majani na uyachemshe muda mrefu bila kufunika.

Nunua chumvi yenye iodini, uifunike mbali na jua na unyevu, na uitie mboga inapokaribia kuiva. Hata hivyo, chumvi haitibu kila rovu. Mwaka 1996 iliripotiwa kwamba baadhi ya wakazi wa Kivu walipata homoni nyingi mno baada ya chumvi hiyo kuletwa, hasa wenye rovu za zamani. Mwenye rovu anayeanza kukonda, kutetemeka na moyo kumwenda mbio apimwe upesi.

Ukiandikiwa levothiroksini, meza kwa maji tu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula cha asubuhi, kisha upime TSH tena baada ya wiki 6 hadi 8. Ukishika mimba ukiwa kwenye dawa, usiiache. Nenda wiki hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi kipimo cha dawa lazima kiongezwe.